Kufunga Kwaresima huku mshahara wa mfanyakazi ukicheleweshwa

Katibu wa jumuiya, Malindi

Tumsifu Yesu Kristo. Kwaresima hii waumini wa jumuiya yetu ndogo ndogo wanahudhuria Njia ya Msalaba kila Ijumaa, wanafunga na wanatoa sadaka bila kusukumwa, na kwa hayo ninamshukuru Mungu. Hata hivyo, wasichana wa kazi katika baadhi ya nyumba tunamosalia Rozari wananieleza kwamba hawajalipwa kwa miezi kadhaa, na mmoja wao aliambiwa avumilie kwa kuwa tajiri wake amechangia ujenzi wa kanisa. Siamini kwamba watu hawa ni wanafiki. Wanampenda Mungu kweli, ila mapenzi hayo hayajafika jikoni mwao. Tuwasaidieje bila kuwaaibisha mbele ya wenzao?

Mkatekista mstaafu, Malindi

Milele amina, dada. Anza na Isaya 58, somo la Ijumaa inayofuata Jumatano ya Majivu, kwani jambo hilihili limo: watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu hakuwaona, naye anawajibu kwamba siku hiyohiyo ya kufunga wanawalemea wafanyakazi wao. Torati nayo haikuliacha suala hili kwenye hiari ya tajiri. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaamuru kibarua maskini alipwe siku ileile, kabla jua halijachwa, kwa sababu ujira huo ndio tegemeo lake. Fedha iliyotolewa kanisani kutoka katika mshahara wa mwingine, kwa maoni yangu, si sadaka ya aliyeitoa; ni ya yule msichana, ambaye hata hakuulizwa. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka 19, hakuahidi kuwagawia maskini tu, bali pia kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, na baada ya ahadi hiyo ndipo Yesu aliposema kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Mwalimu, Lamu

Hapa Lamu mjini majirani zangu wengi ni Waislamu, ambao hawasikii mahubiri yetu. Wanatujua kwa namna tunavyolipa deni dukani na tunavyomtendea mchukuzi wa mizigo gatini. Ninakubaliana na mzee, lakini ninahofia kwamba tukianza kukaguana, watu watalipa mishahara ili wasifiwe, nasi tutakuwa tumeangukia kosa lilelile ambalo Mathayo 6 inalikataza katika sadaka, sala na kufunga. Zungumza na kila mmoja faraghani, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza. Kabla ya hapo, tafadhali, pata idhini ya msichana mwenyewe, kwa sababu anayeweza kufukuzwa kazi ni yeye, si wewe.

Mwanajumuiya, Malindi

Sisi wa huku hatuwezi kuzungumzia kufunga tukaikwepa Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ule, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wakiwa watu walioaminishwa kwamba kujinyima chakula hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu, na watoto wakiwamo. Tangu hapo ninakataa kupima kina cha imani kwa ukali wa mfungo. Mfungo ambao Isaya anausifu ni ule unaomfikishia mwenye njaa mkate na kumvika aliye uchi.

Katibu wa jumuiya, Malindi

Ninawashukuru nyote. Nitaanza kwa kumuuliza yule aliyeambiwa avumilie. Akikubali, je, ni sawa nimshauri tajiri wake asitishe mchango wa ujenzi mpaka amalize kumlipa?

Mkatekista mstaafu, Malindi

Ni sawa kabisa. Mathayo 5:24 inamtaka mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza apatane na nduguye, kisha arudi kuitoa. Akisita kwa kuona haya mbele ya kamati ya ujenzi, mwambie aje kwangu, nami nitafuatana naye.