Nyumba ya mawe Mji Mkongwe kugeuzwa gesti: zege juu ya boriti?

Uani_Kwetu
Assalamu alaikum wanajukwaa. Nyumba ya familia, Mji Mkongwe, chini na ghorofa mbili, ua katikati. Tunataka chini pawe maduka, juu vyumba sita vya wageni, kila kimoja na choo chake. Vyumba vina upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 6. Fundi anashauri amwage zege la sentimita 10 juu ya sakafu ya zamani ili vyoo visivuje, kisha abandue lipu yote na kupiga ya saruji, maana kuta za chini zina unyevu hadi kiunoni. Boriti kadhaa zimepinda. Mnasemaje?

FundiTanuri
Waalaikum salaam. Zege hapana. Piga hesabu: 2.7 × 6 × 0.10 ni mita za ujazo 1.62, na kila moja ina kilo kama 2,400. Hizo ni karibu tani 4 kwa chumba kimoja, juu ya sakafu ya mawe na chokaa ambayo tayari ni nzito. Wala kuvuja hakutakoma. Boriti hucheza, zege halichezi. Litapasuka, maji yatapita kwenye ufa na kutulia juu ya boriti bila mtu kuyaona.

Kupinda peke yake kusiwatishe, boriti nyingi hupinda zikakaa hivyo miaka. Kagua kichwa cha boriti, pale inapoingia ukutani, ndipo inapooza. Gonga kwa nyundo kuanzia katikati kuelekea ukutani usikilize mlio unapobadilika, kisha chomeka bisibisi nyembamba. Ikizama kwa urahisi, hiyo ni ya kubadilishwa. Badilisha moja moja, ukiwa umeweka nguzo za muda pande zote mbili, na nguzo hizo zishuke hadi ardhini, zisiishie kwenye sakafu ya ghorofa ya chini yake. Kichwa kipya kiachiwe nafasi ya hewa, kisizibwe kwa saruji. Wakati wa ukarabati ndio wa hatari zaidi: Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya mwaka 1883, hapo hapo Mji Mkongwe, iliporomoka sehemu Desemba 2020 ikiwa mikononi mwa mafundi.

Kidaka
Naongezea kuhusu kuta. Jiwe la matumbawe hunyonya maji na kuyatoa kupitia lipu ya chokaa. Ukiziba kwa saruji, maji hayaondoki, yanapanda. Leo yako kiunoni, baadaye yatakuwa begani, na chumvi itamung'unya jiwe nyuma ya lipu inayoonekana nzima.

Anza na paa, mifereji na mabomba. Kupiga lipu huku maji yanaingia ni kutupa pesa. Kisha chokaa kipimo 1 kwa mchanga 3. Mchanga wa shimo, si wa pwani, kwa sababu ya chumvi. Chokaa cha tanuri kilowekwe wiki kadhaa na kichujwe. Punje isiyolowa hufumuka ukutani na kuacha kishimo. Piga tabaka tatu, kila moja isizidi sentimita 1 hivi, na kila tabaka lifunikwe magunia mabichi siku kadhaa. Likikaushwa na jua hugeuka unga. Juu yake paka chokaa nyepesi mara nne au tano, si rangi ya mafuta.

Uani_Kwetu
Shukran. Ngazi ilishapigwa saruji zamani. Tuibandue?

FundiTanuri
Gonga kwanza. Penye mlio wa uwazi bandua kwa patasi, mashine ya kutikisa iache. Palipogandana sana paacheni, mtang'oa na jiwe lenyewe.

Bawaba
Mimi napinga vyoo sita. Wekeni vitatu, vyote upande wa uani, kimoja juu ya kingine, bomba literemke nje ya ukuta linakoonekana. Kuchimba ukuta ili kuficha bomba ni kuukata ukuta, na siku likivuja hamtajua. Sakafu ya choo iwe nyepesi: mbao, plaiwudi ya kuhimili maji, utando wa kuzuia maji uliopanda ukutani sentimita 15, ndipo vigae. Dari ya chini yake iachiwe kidirisha cha kukagulia. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, likae ardhini uani. Juu pandisheni dogo tu, tena juu ya ukuta mnene.

Chini kuwa maduka ni sawa, ila msivunje ukuta kupanua mlango, kwa kuwa ukuta huo ndio uliobeba boriti za juu.

Halafu karatasi. Mji Mkongwe uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, hivyo ramani zipelekwe Mamlaka ya Hifadhi kabla ya nyundo ya kwanza, na picha za kila chumba kama kilivyo sasa. Hakikisheni pia nyumba si ya wakfu. Kama ni ya wakfu, mazungumzo yanaanzia Kamisheni ya Wakfu, si kwa fundi.

Uani_Kwetu
Si ya wakfu, hati ipo. Vitatu vya uani vinawezekana, kimoja kiko juu ya choo cha zamani. Chokaa cha mifuko cha dukani kinafaa?

Kidaka
Kinafaa kikiwa kipya na mfuko haujapigwa na unyevu. Kiloweke angalau usiku kucha kabla ya kuchanganya. Soma mfuko: ukiona kimechanganywa na saruji, kirudishe.