Bodi mpya au lenzi na mazoezi? Naomba ushauri

Mtu wa Langoni:
Assalaam aleikum. Nina DSLR (kamera ya kubadilisha lenzi) ya zamani, sensa yake, yaani kipande kinachopokea picha, ni ndogo, na lenzi ile ya kuvuta iliyokuja nayo, 18-55mm. Napiga harusi za mtaani hapa Lamu, na mbio za punda na mashua wakati wa Maulidi. Nimejaliwa kuweka akiba kidogo. Je, nichukue bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa, au lenzi ya 50mm f/1.8 kisha nikazanie mazoezi? Picha zangu za vichochoroni hazinipendezi: kanzu inatoka nyeupe pee, mshono hauonekani, na uso giza.

Fundi Mkomani:
Wa aleikum salaam ndugu yangu. Hilo la kanzu halitibiwi na bodi mpya. Kamera hupima mwanga wa picha nzima. Kichochoro kikiwa na giza, huongeza mwanga, na kanzu ndiyo inayoungua. Tumia kitufe cha +/- upunguze hatua moja, yaani nusu ya mwanga. Ukuta mweupe ukijaa kwenye picha, fanya kinyume, uongeze.

Uso nao, mhamishe mtu. Saa sita jua liko utosini, macho yanapotea chini ya kofia. Mkalishe barazani kivulini, akitazama ukuta unaopigwa na jua. Ile chokaa humrudishia mwanga laini, na hulipi hata senti. Pita njia moja asubuhi, adhuhuri na alasiri mpaka ujue kila ukuta unang'aa saa ngapi. Bodi ya bei yoyote haitakujulisha hayo.

Binti Shela:
Kaka Fundi, mchana nakubaliana nawe. Usiku, hapana. Mimi napiga sherehe za wanawake, na ndani taa ni hafifu. Namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Lenzi yake akiivuta mpaka mwisho ni f/5.6, f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Mkono uwe mzuri vipi, bi harusi akicheza kwa shata ya 1/30 (ikifunguka sehemu ya thelathini ya sekunde) atatoka ukungu tu. Na mimi natumia bodi yenye nafasi mbili za kadi, kila picha inaandikwa kote kuwili. Harusi hairudiwi kadi ikiharibika.

Mvuvi wa Picha, Malindi:
Lenzi ndiyo, lakini si 50mm. Kwenye sensa yako ndogo itabana picha kama 75mm au 80mm kwenye fremu kamili. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Utagota ukutani na bi harusi hajaingia mzima. Chukua 35mm f/1.8.

Fundi Mkomani:
Kweli kabisa, hapo umenizidi.

Mtu wa Langoni:
Basi 35mm. Dada Binti, flashi je? Yangu naielekeza darini, picha zinatoka giza.

Binti Shela:
Boriti na mbao nyeusi zinaumeza mwanga wote. Igeuzie ukuta wa chokaa ulio ubavuni.

Mtu wa Langoni:
Ahsante. Nimepata lenzi hiyo ya mkono wa pili Mombasa, nikague nini?

Mvuvi wa Picha, Malindi:
Fungua tundu lote, mulika tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na unyevu wa pwani huizidisha. Usiinunue hata kwa nusu bei.