Eti "daktari wa mbu"! Nimedhalilishwa kikaoni mbele ya mke wangu, tena kwa kipaza sauti

Mtafiti Mchovu (mleta mada)

Wakuu, nimetoka kwenye kikao cha michango sasa hivi. Nimekaa kwenye ngazi za nje, ndani siingii, maana nikiingia nitasema neno.

Mnamjua yule mzee. Msijifanye hamumjui. Kamati ya harusi yeye mweka hazina, kamati ya msiba yeye mweka hazina, kipaimara yeye, ubarikio yeye. Kaunta buku lake lina wadaiwa tangu enzi za Mwinyi, wengine tulishawazika. Akishika kipaza sauti hakiachii mpaka betri ife.

Leo kasoma ahadi. Wenzangu wote kawapita fasta fasta, kafika kwangu kavua miwani, kaipangusa, kaivaa tena. "Daktari. Ahadi laki mbili. Katoa elfu hamsini." Kimya. Halafu, kwenye kipaza sauti wakuu, KWENYE KIPAZA SAUTI: "Huyu ni daktari wa mbu. Basi awaambie mbu wamchangie."

Ukumbi ulilipuka. Feni ziliyumba. Mpishi katoka na mwiko kuuliza kuna nini, akasimuliwa, akacheka, akarudi jikoni kuwasimulia wenzake, nao nikawasikia. Na MKE WANGU AKACHEKA. Angetabasamu ningesamehe. Alishika meza.

Sasa kinachochekesha ni nini? Ndiyo, PhD yangu ni ya mbu, niko bonde la Kilombero. Jua likizama unakaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya watu, umekunja suruali hadi magotini, tochi mkononi. Mbu anatua mguuni. Kabla hajachoma unamvuta kwa kibomba cha kunyonya kwa mdomo, unampulizia kwenye kikombe cha karatasi chenye wavu. Kila saa na kikombe chake, mpaka majogoo. Asubuhi wenzako wanalala, wewe uko na hadubini: huyu funestus, huyu gambiae, huyu kuleksi wa chooni, weka kando. Hao funestus ndio wanaosambaza sehemu kubwa ya malaria kule bondeni, na dawa ya kwenye vyandarua wameshaizoea. Mzee mwenyewe malaria ilimlaza mwaka jana akawa anawaita marehemu kwa majina. Lakini mimi ndiye daktari wa mbu.

Elfu hamsini nayo ina sababu. Posho haijatoka kwa kuwa masurufu ya safari iliyopita hayajafungwa, na hayajafungwa kwa sababu mhasibu anadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kutoka kwa mwenye mtumbwi. Mwenye mtumbwi! Mashine ataichajia wapi, kwenye kiboko?

Nyumbani ndiyo usiseme. Mwanangu wa mwisho nikirudi kutoka uwandani ananipokea mlangoni: "Shikamoo, mama hayupo." Msimamizi anataka sura ya nne, jarida limerudisha makala nirekebishe, shule inamtaka mzazi. Natoka huko nakuja kikaoni kwa heshima, nimechomekea, naambiwa mbu wanichangie. Spika za ukumbi ule zina mwangwi, wakuu. Mbu… mbu… mbu…

Siti ya Mbele

Pole sana Daktari wa Mbu.

Binti wa Daladala

Nimecheka kwenye gari mpaka konda kaniuliza kama nashuka. Mleta mada, meza aliyoshika shemeji ni ya mbao au ya plastiki?

Mtafiti Mchovu

Dada, katika yote hayo ndicho ulichokiona? Ya plastiki. Nusura waanguke wote wawili.

Kaka Mkuu Mstaafu

Chai. Watu wa miradi tunawajua, Land Cruiser nyeupe na katoni za maji. Toa laki na nusu iliyobaki uache kulialia.

Mtafiti Mchovu

Land Cruiser ni ya mradi na iko gereji. Mimi nimerudi kwa basi kutoka Ifakara, siti ya nyuma kabisa, kisanduku cha sampuli mapajani, konda analazimisha nikilipie mzigo akidhani nimebeba samaki. Nikamwambia ni mbu. Abiria wa pembeni akahama.

Nesi wa Zamu

Bora wewe, mbu hawana simu. Ukoo wangu wote wananitumia picha za vipele vyao, tena bila salamu. Nimetoka zamu ya usiku, nafungua simu ninywe chai, nakutana na goti la baba mdogo. Na mchango nimetoa wote, hakuna aliyenitaja.

Mke wa Mwanahistoria

Mbu si anakamatika? Mume wangu anatafiti Vita vya Maji Maji. Nikimwambia gesi imeisha ananijibu kwamba mwaka 1905 Wamatumbi waling'oa pamba. Nimemuuliza, pamba inapikika? Kitanda kimejaa makaratasi, mimi na mtoto tunalala pembeni, na hatutakiwi kugeuka.

Kaka Mkuu Mstaafu

Shemeji umenimaliza. Waling'oa pamba!

Mama Sura ya Pili

Nyie mnacheka. Nilijifungua, nikapewa siku zangu 84 za kisheria, nikiwa bado wodini simu ikaita. Nikajua ni pongezi. Ni msimamizi: "Hongera mama, ile sura ya pili vipi?" Niliporudi kazini, sheria inaniruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mkuu wa idara akanipangia vipindi humo humo. Nikawa nakamua maziwa kwenye stoo ya karatasi za mitihani, msimamizi wa mtihani anagonga mlango anataka vijitabu vya majibu.

Nesi wa Zamu

Huyo aliyepiga simu wodini angenikuta mimi kwenye zamu.

Baba Mtori

Sisi akina baba tunapewa siku 3. Zangu ziliishia kutafuta ndizi za mtori, ya nne niko ofisini nasinzia, bosi ananiuliza kama nami nimejifungua.

Mtafiti Mchovu

Poleni wote, ila turudi kwenye mada. Alisema kwenye kipaza sauti. Mbele ya mke wangu.

Siti ya Mbele

Tumeelewa, Daktari. Feni ziliyumba.

Mkwepa Kadi

Kwanza nani siku hizi anaahidi laki mbili? Mimi nimeletewa kadi imeandikwa singo elfu hamsini, dabo laki. Bwana harusi simjui. Nimesoma naye wapi? Kumbe ni jirani wa fundi wangu wa cherehani.

Binti wa Daladala

Na usipotoa wanakuunganisha kwenye grupu la WhatsApp. Ukitoka wanakurudisha.

Baba Mtori

Mimi nilitoka kwenye grupu, mweka hazina akanifuata hadi msibani. Mwili haujashushwa kwenye gari, yeye kashafungua daftari.

Mke wa Mwanahistoria

Ngoja kwanza. Huyo mweka hazina wenu ana kalamu mbili mfukoni na hutanguliza "kwa heshima na taadhima" kabla hajakutukana?

Baba Mtori

Huyo huyo!

Mke wa Mwanahistoria

Mbona yuko kwenye kamati yetu? Kikao Jumapili.

Mtafiti Mchovu

NILIWAAMBIA MNAMJUA. Sasa mnaona? Alivua miwani, akaipangusa…

Mkwepa Kadi

Mkuu, subiri kidogo, hapa tuko kwenye kadi. Hivi ukitoa hela ya singo halafu ukaenda na mke, mlangoni wanawarudisha?

Kaka Mkuu Mstaafu

Mnaingia kwa kupishana. Mmoja anakula wali, anatoka, mwingine anaingia kwenye keki.

Nesi wa Zamu

Daktari, kabla hujaenda kulala, mbu wa huku Mbagala dawa ya kuchoma hawaisikii kabisa, wanaizunguka tu. Nifanyeje?

Mtafiti Mchovu

Wanakuuma saa ngapi? Jioni mapema au usiku wa manane? Na choo kiko umbali gani?

Mkwepa Kadi

Jamani tusivuruge uzi. Anayejua ukumbi wa bei nafuu Tabata, wenye jenereta, aje inboksi.