Naomba ushauri: mashine ya kukatia makongoro kwa mgahawa mdogo

MamaSupu_Moro
Habari zenu wakuu. Nina mgahawa mdogo Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu. Alfajiri nauza supu ya makongoro, mchana wali na mchuzi. Mpaka leo tunapasua kwa shoka juu ya gogo. Shoka halikati mfupa, linauvunja, na vile vipande vyenye ncha vinaingia kwenye supu. Mwezi uliopita mteja wangu wa kila siku kavunjika jino. Nilimlipia matibabu, lakini hajarudi. Usingizi umenipaa. Nataka mashine ya umeme ya kukatia mifupa. Nichukue ipi? Nina haraka kidogo.

Mzee_wa_Gogo
Pole sana binti. Ila shoka halina kosa, mpasuaji ndiye hajui. Marehemu baba alikuwa na bucha Kilosa, alikuwa anatafuta kiungo kwa kidole gumba kwanza, ndipo anashusha pigo moja. Mfupa wenyewe hagusi. Vijana wa siku hizi wanapiga popote. Mfundishe kijana wako viungo.

Bucha_la_Kona
Mzee wangu shikamoo, lakini gogo lina nyufa, damu inazama humo, hata ulisugue na chumvi na majivu halitakati. Afisa afya akiingia jikoni ataanza na hilo.
Dada, makongoro mangapi kwa siku? Na umeme wako ni wa njia moja au njia tatu? Mashine ndogo za kuweka mezani, nyingi bledi yake ni mkanda wa chuma unaozunguka magurudumu, mzunguko wake milimita 1650, na mota ya njia moja, unachomeka kwenye soketi ya kawaida. Zile kubwa za kusimama chini, nyingi zinataka njia tatu.

Abuu_T
Kama unanunua mtumba, uliza ilikuwa inakata nyama gani. Wateja wako Waislamu wakisikia ilipitisha kitimoto, hiyo supu utakunywa na familia yako.

MamaSupu_Moro
Makongoro 12 kwa siku, wikiendi yanazidi. Umeme ni huu wa kawaida, wa LUKU. Kitimoto haijawahi kupita humo, hilo nina uhakika nalo.

Bucha_la_Kona
LUKU ipo ya njia moja na ipo ya njia tatu, angalia nyaya zinazoingia kwenye mita. Halafu umesema "humo". Humo wapi? Mashine umeshaipata?

MamaSupu_Moro
Nimeshaiona. Kusema kweli nimeshatoa advansi, laki tatu. Ni ya seremala anayehama mji, msumeno wa mkanda aliokuwa anapasulia mbao. Najua mtanisema, lakini chuma ni chuma jamani. Nitaiosha kwa maji ya moto na sabuni, bledi nitanunua mpya. Mashine mpya ya nyama ni zaidi ya mara mbili ya bei yake. Na hela ni ya kikoba, marejesho yanaanza mwezi ujao, nikikaa nayo italiwa na ada za watoto.

Fundi_Mota
Dada yangu, usiimwagie maji hiyo mashine hata kikombe. Swichi na mota ya msumeno wa mbao havikutengenezwa kwa maji. Ya nyama unafungua mlango, unatoa vikwangulio, unaosha magurudumu, unafuta. Ya mbao, ndani kuna raba, grisi na vumbi la miaka lililoshikana, na meza ni chuma cha kawaida kitakachoota kutu wiki ya kwanza. Unga wa mfupa ukiingia kwenye ile grisi hautoki, utaoza humo humo.
Nenda kasome kibati cha mota. Kama ni 380V peke yake, hiyo ni ya njia tatu, na kama mita yako ni ya njia moja haitazunguka. Utabadilisha mota, na hiyo bei hujaihesabu.

Nesi_wa_Zamani
Mimi nilikaa chumba cha kushona vidonda miaka mingi. Wa msumeno wa mkanda nawakumbuka wote, kwa sababu kidole hakichanwi, kinaondoka. Kongoro ni duara na linateleza, bledi ikilinasa linajizungusha pamoja na mkono. Na yeyote asikudanganye uvae glavu za nyuzi za chuma, bledi inazivuta. Mkono ukae mbali, nyama isukumwe kwa kibao chake, na isiyo na kibao usiiwashe. Nani atakata hapo kwako?

MamaSupu_Moro
Mdogo wangu wa kiume. Ni mwangalifu.

Macho_Manne
Wakuu, mimi hii hadithi siinunui. Uzi mwingine kule kasema anachemshia sufuria moja ya lita 20. Makongoro 12 kwenye lita 20? Kongoro moja linakaribia kilo mbili, bado maji. Hayaenei. Hapa hakuna mgahawa wala jino, kesho seremala atatokea na namba ya simu.

Abuu_T
Daah. Nami nimepiga hesabu, sita tu sufuria imefurika.

Mzee_wa_Gogo
Kama ni uongo, basi kilio cha jino hakikuwa kizuri. Watu wamekupa pole hapa.

MamaSupu_Moro
Mgahawa upo, na jino ni kweli, naapa. Makongoro ni manne. 12 ni ya kambi ya mafundi ujenzi, waliniambia nikiwa na mashine watanipa chakula cha watu wao wote. Hatujaandikishana. Nilikopa kwa maneno hayo. Niliona aibu kuandika manne.

Macho_Manne
Nisamehe dada. Nilikuzania vibaya.

Bucha_la_Kona
Manne huhitaji umeme. Chukua msumeno wa mkono wa nyama, fremu ya stenlesi, bledi inayotoka kwa kufungua nati ili uoshe kila kitu. Si wa seremala. Yagandishe kwanza kwenye friza hadi yawe magumu, hayatateleza, na mfupa utakatika bila kupasuka. Ukishakata, suuza ule unga kwa maji ya baridi kabla ya kuchemsha. Au peleka kwenye bucha lenye mashine wakukatie. Kambi wakisaini, rudi hapa.

MamaSupu_Moro
Nimetoka kwa seremala. Kibati kinasema 380V, na mita yangu fundi kasema ni njia moja. Advansi atarudisha laki mbili, moja ameshaitumia kwa nauli ya mizigo. Nimekubali. Sasa nipo dukani, wana msumeno wa mkono wa inchi 16 na wa 22. Upi?

Bucha_la_Kona
16. Na bledi mbili za akiba.