Tupeane uzoefu: ndege inapotua huku wingu la radi likiwa pembeni ya uwanja

Mwanaziwa: Wakuu, radi za usiku wa kuamkia leo zimenikumbusha safari ambayo bado inanikosesha raha kila ninapoona tiketi ya ndege. Mliowahi kuwa ndani ya ndege inayojaribu kutua karibu na dhoruba, naomba mtusimulie.

Binti Kagera: Nilikuwa ninatoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa ndege ya pangaboi, nimekaa dirishani chini ya bawa, mahali ambapo gurudumu huonekana likishuka kutoka chini ya injini. Upande wa ziwa mvua ilikuwa imesimama kama pazia jeusi. Kilichonitisha kwanza hakikuwa mtikisiko bali ukimya, kwa sababu injini zilipunguza sauti ghafla, na papo hapo tukazama. Simu ya jirani yangu iliruka ikagonga dari, mama mmoja nyuma yetu akaanza Salamu Maria, na kabla hajafika katikati injini zilinguruma kwa nguvu zote, pua ikainuka, tukapita juu ya njia ya kurukia bila kuigusa. Lile gurudumu lilibaki chini muda mrefu huku tukipanda. Tulizunguka hewani hadi wingu likasogea, kisha tukatua jua likiwaka na lami ikifuka mvuke. Hakuna aliyepiga makofi.

Kijana wa Nyegezi: Yalinikuta hayo hayo, isipokuwa sisi tulirudishwa Dar es Salaam.

Fundi Mkavu: Rubani wenu alizubaa. Gurudumu lililo nje hukokota hewa, kwa hiyo alipaswa kulikunja mara moja.

Rubani Mstaafu: Ndugu Fundi, hapana. Ukinaswa na mgeuko wa ghafla wa upepo unaweka nguvu zote, unainua pua, na huyagusi magurudumu wala mikunjo ya bawa, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, mpaka utoke, kwa sababu katika ndege nyingi milango ya magurudumu ikifunguka huongeza ukinzani wa hewa pale pale unapohitaji kupanda. Ule ukimya alioutaja dada yetu una maelezo yake. Hewa inayomwagika kutoka kwenye wingu la radi hugonga ardhi na kusambaa pande zote. Ndege hukutana kwanza na upepo wa mbele, mwendo unapanda, nguvu zinapunguzwa, kisha hewa inaisukuma chini, na mwisho upepo unageuka kuwa wa nyuma na bawa linapungukiwa uwezo wa kubeba. Ndivyo ilivyoanguka ndege aina ya TriStar ya shirika la Delta huko Dallas, Marekani, tarehe 2 Agosti 1985, watu 137 wakafariki, akiwemo dereva aliyekuwa barabarani.

Fundi Mkavu: Hayo ni ya 1985. Siku hizi kuna rada zinazoonya.

Rubani Mstaafu: Zinaonya, lakini anayeamua kuacha kutua ni mtu.

Mkazi wa Bukoba: Mnazungumzia Dallas wakati sisi tuna ya kwetu. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege yenye watu 43 iliingia ziwani karibu kabisa na uwanja wetu. Wavuvi walifika kwa mitumbwi, na baadaye tukawa ufukweni tunavuta kamba tukiwa tumelowa, mkia ukionekana juu ya maji. Watu 19 walifariki. Hadi leo mvua ikianza asubuhi mimi hutazama juu kwanza.

Mwanaziwa: Pole sana, mkuu.

Kijana wa Nyegezi: Wangegeuza tu kurudi Mwanza.

Mkazi wa Bukoba: Marubani wote wawili walifariki siku ile. Usiwafungulie kesi hapa.

Mama Wawili: Dawa ni kupanda ndege ya asubuhi, kwa sababu radi ni za alasiri.

Mkazi wa Bukoba: Hiyo ni kwenu bara, mama. Huku dhoruba hujijenga juu ya ziwa usiku na hutufikia alfajiri.

Fundi Mkavu: Basi pandeni basi.

Kijana wa Nyegezi: Dar hadi Bukoba kwa basi? Afadhali radi.

Binti Kagera: Nina tiketi ya Bukoba ya saa moja asubuhi. Nikae wapi?

Rubani Mstaafu: Kaa popote, dada, mradi mkanda ukazwe chini ya kitovu. Mkiambiwa mnasubiri hewani, msimgombeze mhudumu, kwa kuwa mmwagiko wa hewa kutoka wingu la radi mara nyingi huisha ndani ya dakika 15.

Mama Wawili: Na simu iwe mfukoni.