Mbwa ababuka ngozi siku ya 9 ya dawa ya salfa

Mkaazi wa Msabaha: Hamjambo wenzangu. Mbwa wa kilo 22 anatumia vidonge vya ko-trimoksazoli (antibiotiki yenye salfa) kwa kidonda cha mguu. Leo ni siku ya 9. Tangu jana ana homa ya 40.2, midomo ina malengelenge, nyayo zinababuka na hataki kuguswa. Nimpe Piriton, ile dawa ya mzio, au amalize dozi kwanza?

Tabibu wa Mifugo: Ndugu, asimeze hata kidonge kimoja zaidi. Mzio wa kawaida huja ndani ya dakika au saa chache: uso huvimba, mbwa hujikuna. Huu wa salfa mara nyingi hutokea kati ya siku ya 5 na wiki ya 3, na mbwa husikia maumivu zaidi ya muwasho, kwa sababu kinga yake mwenyewe inaua seli za ngozi. Ndiyo maana Piriton haifui dafu hapa.

Angalia tumboni palipo pekundu. Ngozi ikiteleza chini ya kidole kama ganda la nyanya iliyochovywa maji moto, ni hatari ya kufa. Usirudie kujaribu, utamchuna. Afike kwa daktari wa mifugo Malindi leo hii: anahitaji maji ya mishipani, dawa ya maumivu, na vipimo vya damu na ini.

Bi Watamu: Mlaze juu ya shuka safi la pamba, si mkeka wala mchangani, na umfunike neti. Inzi wakitaga hapo, kesho kutwa ni funza. Suuza palipobabuka kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi vijiko vya chai 1 na nusu, vya kusawazisha. Maji ya bahari hapana, yana vijidudu. Spiriti, mafuta na plasta ya kunata pia hapana. Wala usimpe dawa zetu za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa tumbo. Pakiti ya vidonge uende nayo.

Mkaazi wa Msabaha: Ahsante sana, tunatoka sasa hivi. Na sindano ya steroidi je?

Tabibu wa Mifugo: Hilo mwachie daktari. Madaktari wenyewe hawajakubaliana, kwani steroidi hushusha kinga, na ngozi iliyo wazi huingia usaha upesi. Akipona, andika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu: ASIPEWE SALFA MAISHA. Zile dawa za kuhara za kuku na mbuzi dukani, nyingi ni salfa vilevile. Soma lebo.