Simu ya dola elfu moja: tunalipia kitu au tunalipia jina?

Mwandika Usiku
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilianzia dola 499, tena kwa mkataba wa miaka miwili. Miaka 10 baadaye iPhone X ikaingia sokoni kwa dola 999. Samsung nao simu yao ya kwanza ya kukunja, 2019, ilikuwa dola 1,980. Mwaka huo huo Apple wakatoa kioo cha kompyuta cha dola 4,999 na stendi yake ikauzwa peke yake, dola 999. Stendi! Chuma cha kushikilia kioo.

Kilichonifikisha hapa ni kompyuta yangu mpakato, ambayo kampuni yake siitaji. Nilijinyima mwaka mzima kuinunua kwa sababu kila mtu aliniambia cha bei kinadumu. Mwaka wa tatu kitufe cha herufi A kikafa. Jaribu kuandika Kiswahili bila A uone. Kituo chao cha matengenezo wakaniambia kibodi haitoki peke yake, imepigwa ribiti kwenye ganda la juu, na betri imegandishwa kwa gundi humo humo, kwa hiyo vyote vinabadilishwa kwa mpigo. Gharama inakaribia nusu ya bei niliyonunulia. Kwa kitufe kimoja. Nauliza: hizi bei ni halali?

Pwaguzi
Ni halali kabisa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Natumia iPhone XR ya 2018, ilianza kwa dola 749, na imepokea mifumo mipya ya programu hadi iOS 18, mfumo wa iPhone wa mwaka 2024. Gawanya kwa miaka 6: dola 125 hivi kwa mwaka. Mwenzangu ananunua simu ya dola 200, kila baada ya mwaka mmoja na nusu anatupa, yeye analipa 133 kwa mwaka na bado anahangaika na simu inayokwama. Rahisi ghali.

Halafu niseme kweli ambayo wengi hawaipendi: kelele nyingi kuhusu bei zinatoka kwa watu ambao mkono haufiki. Sizitaki mbichi hizi.

Mama Mapacha
Pwaguzi, hiyo "sizitaki mbichi hizi" umemrushia nani? Sungura alizikosa zile ndizi. Huyu ndugu amenunua, amelipa, amejinyima mwaka mzima. Umesoma alichoandika au umerukia kujibu?

Na methali yako inakugeuka. Kama kizuri chajiuza, mbona kampuni hizo ndizo zenye mabango makubwa kuliko wote, na kila uzinduzi unarushwa dunia nzima? Hicho si kitu kinachojitembeza?

Pwaguzi
Dada, tangazo ni kupeana taarifa. Kujitembeza ni kubembeleza watu kwa punguzo kila wiki. Hujawahi kuona simu ya kwanza kwa ubora inauzwa mbili kwa bei ya moja.

Mama Mapacha
Kwa hiyo methali ya wahenga leo inahusu punguzo? Wahenga walisema chajitembeza, hawakusema chapunguzwa. Na bado hujamwomba radhi mwenye mada.

Sikio Zima
Nikiacha ya wahenga, "cha bei" kina madaraja. Kuna mahali unapata kitu na kuna mahali hupati chochote. Chukua waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha na sauti kwenye TV. Ishara ni ya kidijitali. Kwa waya mfupi wa mita 2, ukishatimiza kiwango kinachotakiwa, picha inafika yote au unaanza kuona vidoa na kukatika. Hakuna waya wa dhahabu unaofanya nyekundu iwe nyekundu zaidi. Lakini watu wanalipa mara 10.

Kwenye hedifoni ni tofauti. Kutoka za bei ya chini kabisa hadi za kati, hata mtoto anasikia. Kutoka za kati hadi za juu, mfunge mtu macho na umwekee sauti zote mbili kwa kiwango kimoja, ataanza kukisia. Nimewafanyia marafiki zangu hivyo sebuleni. Hata mwenye hedifoni za juu hakuzitambua za kwake, akakasirika, akasema nimechezea sauti. Hatukuongea wiki nzima na bado linaniuma, kwa sababu sikutaka kumwaibisha, nilitaka ajue.

Fundi wa Bodi
Mimi nazifungua hizi kila siku, nina miaka mingi kwenye kulehemu na gundi. Ninachoweza kusema ni kwamba ndani hakuna uchawi. Kioo cha iPhone X, simu iliyoleta kelele zote za elfu moja, kilitengenezwa na Samsung. Vihisi vya kamera kwenye simu nyingi za juu, na nyingi za kati, ni vya Sony. Tofauti ya kweli iko kwenye chipu, kwenye programu inayochakata picha, kwenye ganda, na kwenye miaka ya kuhudumiwa. Hivyo vina thamani, sikatai.

Ila usisahau ile kesi ya iPhone kupunguzwa kasi makusudi. Nadhani ilikuwa 2018. Simu ya bei mbaya inafanywa nzito na aliyekuuzia, na wewe hujui.

Kalamu Nyekundu
Fundi, tuweke sawa. Apple walikiri Desemba 2017. Mwaka 2018 ndio walishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na 2020 wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani. Sababu waliyotoa ilikuwa ya kihandisi: betri iliyochakaa haiwezi kutoa umeme mwingi kwa mpigo, simu inazimika ghafla ikiwa bado na asilimia 30. Kupunguza kasi kulizuia hilo. Kosa lao kubwa lilikuwa kunyamaza. Mtu alinunua simu mpya ya mamia ya dola wakati alihitaji betri ya 29.

Pwaguzi
Sasa mnaona? Sababu ilikuwepo. Na mafundi wa mitaani wasitupe somo la ubora. Nusu ya simu zinazosemwa "zimechoka" zimeuawa na mafundi wanaoweka spea feki na kusahau skrubu mbili.

Fundi wa Bodi
Hapo umenigusa pabaya, ndugu yangu, na nitakujibu.

Simu nyingi ninazopokea zimeshakataliwa na kituo rasmi. Wanamwambia mteja "nunua nyingine". Wiki iliyopita kaja mama na simu ina picha za marehemu mumewe, haiwaki. Kituo rasmi walimwambia wabadilishe bodi nzima, na bodi ikibadilishwa picha zinaondoka nayo. Nimekaa chini ya hadubini saa 4. Kapasita moja, kile kijipande cha kutunza chaji kwenye bodi, ndogo kuliko punje ya mtama ilikuwa imepiga shoti kwenye njia ya umeme. Niliitoa, simu ikawaka, nikamwachia mama chumba apige simu kwa wanawe. Sikusahau skrubu.

Spea feki zipo kwa sababu halisi hawatuuzii, au wanauza kwa masharti. Na hata ukitoa kioo halisi kwenye simu halisi ukakiweka kwenye nyingine ya aina hiyo hiyo, kwa miaka imekuwa ikikupa onyo na kukunyima baadhi ya vitu, kwa sababu kila sehemu imefungwa kwa namba na simu yake ya kwanza. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria 2024 kukataza kufungana huko. Wametunga sheria kwa sababu tatizo ni la kweli, halikubuniwa na mafundi wa mitaani.

Mama Mapacha
Fundi, Mungu akuzidishie. Pwaguzi, radhi zimekuwa mbili sasa.

Binti Hesabu
Naomba nitetee upande wa bei kwa namna nyingine. Kusoma alama ya kidole kwenye simu kulikuwa jambo la anasa iPhone 5s ilipotoka 2013. Leo liko kwenye simu za bei ya chini. Vioo vya OLED, ambavyo kila nukta inawaka yenyewe, vivyo hivyo. Wanaonunua mapema kwa bei kubwa wanalipia utafiti ambao sisi wengine tunaufaidi baada ya miaka mitano. Kwa hiyo kusema "wanalipia jina tu" si haki.

Ila mimi binafsi nanunua ya juu iliyokwisha tumika miaka miwili. Aliyekuwa na haraka ameshalipia hiyo haraka, chipu bado ina nguvu.

Kalamu Nyekundu
Binti, hiyo hesabu ilikuwa na tundu zamani, kwa sababu simu nyingi za Android zilikuwa zinaachwa baada ya miaka miwili au mitatu. Imebadilika: Google waliahidi miaka 7 ya programu kwa simu yao ya Pixel 8 mwaka 2023, Samsung wakafuata kwa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024. Lakini programu ya miaka 7 juu ya betri ambayo baada ya kuchajiwa mara 500 au 1,000 inabaki na asilimia 80 ni ahadi nusu, kama kuibadilisha kunahitaji mtu mwenye joto la kulainisha gundi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kuanzia Februari 2027 mtumiaji aweze kuitoa betri ya kifaa cha kubebeka mwenyewe. Ina misamaha, lakini mwelekeo ndio huo.

Sikio Zima
Na hedifoni zisizo na waya? Betri mbili ndogo zimefungwa ndani ya plastiki, zikifa umetupa kitu kizima. Za kwangu za waya zina miaka 11, nimebadilisha sponji tu.

Mwandika Usiku
Nimesoma yote. Pwaguzi, sihitaji radhi, ila nilikereka. Nilipokuwa nadunduliza sikuwa natamani nembo, nilikuwa nataka kitu ambacho sitakifikiria tena kwa miaka 8. Hicho ndicho nilichodhani nimelipia. Kumbe nililipia wembamba: ganda la milimita chache ambalo kila kitu kimegandishwa ndani yake ili liwe jembamba. Ningekuwa nimeambiwa dukani kwamba kibodi, betri na ganda ni kitu kimoja, ningechukua ile nene iliyokuwa pembeni yake kwa bei ndogo. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikujua kuuliza.

Pwaguzi
Neno la sizitaki nalirudisha, kwako na kwa Fundi. Lakini hesabu yangu ya dola 125 hakuna aliyeivunja.

Binti Hesabu
Umeweka gharama ya betri humo? Miaka 6 na betri moja?

Pwaguzi
Nilibadilisha mara moja.

Mama Mapacha
Kwa nani?

Pwaguzi
Kwa fundi wa mtaani.

Fundi wa Bodi
Mwandika, kabla hujalipa hiyo nusu bei: chomeka kibodi ya nje ya USB, bonyeza A. Ikiandika, bodi yako ni nzima. Kisha zima mashine, inua kofia ya kitufe taratibu kwa ukucha wa plastiki kuanzia kona, usitumie bisibisi. Chini yake mara nyingi kuna kikombe cha mpira. Kikiwa kimehama au kuna uchafu, safisha kwa spiriti isiyo na maji, acha ikauke, rudisha. Kama mpira umechanika, chomoa wa kitufe usichokitumia.

Mwandika Usiku
Ya USB inaandika A, ndiyo ninayotumia sasa hivi. Nitoe mpira wa kitufe kipi?

Fundi wa Bodi
Unaandika Kiswahili. Chukua wa Q, kama ukubwa wake unalingana.